Barazani kwa Mwalimu: Tangazo Lililozidisha Uchafu



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu twafungua baraza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe ni letu, wala hatuna wa kumsingizia. Tuliandika tangazo kwa nia njema, tukalibandika ukutani mahali pa kuonekana na kila mtu, na tangazo hilo likaharibu jambo lile lile tulilokusudia kulitengeneza. Kwa kuwa miaka yetu mingi ya kazi ilipita mbele ya ubao, tumeona si haki kumsahihisha mwanafunzi kila siku na kulificha daftari letu siku tunapokosea sisi.

Kisa ni hiki. Ukumbi tunaoukodi kwa darasa za watoto, na kwa kufuturu pamoja kila Jumamosi ya Ramadhani, si mali yetu. Twaulipia kwa saa, na wenyewe wana haki ya kutuambia wakati wowote tutafute pengine. Ramadhani iliyopita, baada ya futari ya Jumamosi ya kwanza, mtunza ukumbi alituita jikoni akatuonyesha mifuko minne mikubwa ya takataka. Ndani mlikuwa na biriani isiyoguswa, sambusa zilizoumwa mara moja tu, vipande vya mkate wa kumimina, na chupa za maji zilizonywewa nusu. Ukumbini sahani nyingine zilikuwa zingali mezani. Hakugomba. Alisema tu kwamba wenye ukumbi wameanza kuuliza maswali. Kwa familia zisizo na mahali pengine pa kuwasomeshea watoto wao, maneno hayo yalitosha kututia hofu.

Jumamosi ya pili tulikuja na tangazo. Tuliliandika kwa herufi kubwa, likasema hivi: "Kila wiki watu wengi wanaacha sahani na vyakula mezani. Wengi wanajaza sahani wasizoweza kuzimaliza. Hii ni aibu kwetu sote. Tabia hii ikome." Tulirudi nyuma hatua mbili tukalitazama, tukaridhika nalo kama mwalimu aridhikavyo na ubao alioupanga vizuri.

Usiku ule mifuko ilikuwa mitano. Jumamosi ya tatu ilikuwa mitano tena, na siku hiyo ndiyo tuliyopata jibu. Mama mmoja alimwambia mwanawe, kijana wa miaka kumi na miwili hivi, achukue sahani yake ya karatasi akaitie pipani. Kijana akajibu, bila ya ufidhuli wowote, "Mama, mbona kila mtu anaacha? Hata pale ukutani pameandikwa." Mama akalitazama tangazo, kisha akatutazama sisi. Sisi tukatazama sakafu.

Kijana yule hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa tuliyoyaandika. Sisi ndio tuliokuwa hatujayasoma.

SOMO LA MSITU ULIOGEUKA MAWE

Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, iko hifadhi ya taifa iitwayo Petrified Forest. Huko magogo ya miti iliyoanguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita yamegeuka kuwa mawe yenye rangi za kupendeza. Wageni wengine hushawishika kutia kipande mfukoni kiwe kumbukumbu ya safari. Wasimamizi waliwahi kuweka kibao kilicholalamika kwamba urithi wa nchi unaharibiwa kila siku kwa wizi wa tani 14 za mawe hayo kwa mwaka, na kwamba wizi wenyewe ni wa kipande kidogo kidogo.

Mtaalamu wa saikolojia, Robert Cialdini, alishuku kwamba malalamiko ya namna hiyo huenda yanafunza wizi badala ya kuuzuia. Yeye na wenzake walitawanya njiani vipande vilivyotiwa alama, kisha wakaweka vibao vya aina mbalimbali kwa zamu. Kibao kimoja kilieleza kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande na kuibadilisha hali ya msitu, na juu yake palikuwa na picha ya watu kadhaa wakiokota. Kingine kiliwaomba wageni wasichukue, na picha yake ilikuwa ya mtu mmoja tu akiokota, mkono wake umetiwa alama nyekundu ya kukataza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Palipokuwa na kibao cha kwanza viliibwa asilimia 7.92 ya vipande vilivyowekwa. Palipokuwa na kibao cha pili viliibwa asilimia 1.67. Yaani penye malalamiko wizi ulikaribia kuwa mara tano ya penye katazo la wazi.

Tofauti hii inaelezeka. Onyo lolote laweza kubeba habari mbili kwa wakati mmoja. Habari ya kwanza ni ile ya linalopasa kutendwa. Habari ya pili ni ile ya linalotendwa na watu. Habari hizi mbili zikienda pamoja, mtu huvutwa upande mmoja. Zikipingana, mtu husikia kwa sikio moja kwamba jambo ni baya, na kwa sikio la pili kwamba wenziwe wote wanalifanya. Na mara nyingi sikio la pili ndilo lenye nguvu. Wazee wetu walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Sisi tulikuwa tumewapa wakosaji jina la "wengi", na kijana yule akajiunga na wengi.

Huenda msomaji akasema, "Mimi simo. Mimi hutenda ninaloliona kuwa jema, sitazami jirani." Yafaa tuwe waangalifu hapa. Watafiti hao hao, pamoja na wenzao wa California, waliwauliza wakazi wa jimbo hilo sababu zinazowafanya wapunguze umeme majumbani. Wakazi walitaja kwanza kuyahifadhi mazingira, kisha manufaa kwa jamii, kisha kuokoa fedha, na mfano wa majirani wakauweka mwisho kabisa. Kisha watafiti walipeleka ujumbe milangoni, nyumba hizi zikipewa sababu hii na nyingine ile, wakazisoma mita. Ujumbe uliopunguza umeme kuliko mwingine wote ulikuwa ule uliosema kwamba majirani wengi wanapunguza. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008. Mfano wa jirani hutuongoza, na wala hatujui kwamba unatuongoza.

Tulipoyatafakari haya tulikumbuka kwamba dini yetu ilitutahadharisha zamani. Sura ya An-Nur, katika aya zilizoteremka kuhusiana na uzushi aliozuliwa Bibi Aisha (r.a.), inawakemea vikali wapendao machafu yaenee baina ya waumini. Tumezoea kulifahamu katazo hilo kuwa ni ulinzi wa heshima ya anayesemwa, na ndivyo lilivyo. Lakini ndani yake mna hekima nyingine pia. Ovu linalotangazwa kila siku huzoeleka masikioni, na lililozoeleka masikioni haliwi zito mikononi.

TULIPOHESABU MEZA

Usiku ule wa Jumamosi ya tatu hatukuondoka upesi. Tulilibandua tangazo, kisha tukapita meza moja baada ya nyingine tukihesabu. Meza zilikuwa 16. Meza 11 zilikuwa zimeachwa safi kabisa na wale waliozikalia: sahani zimetiwa pipani, chupa zimekusanywa, hata makombo yamefutwa. Uchafu wote uliokuwa ukituumiza kichwa ulitoka katika meza tano.

Kwa hivyo tangazo letu halikuwa na madhara peke yake, bali halikuwa kweli. "Watu wengi" tuliowaandika ukutani hawakuwapo. Waliokuwapo ni wengi wasafi ambao hakuna aliyewaona, kwa sababu meza safi haiiti jicho la mtu. Jambo hili ndilo lililotuchoma kuliko yote, maana mwalimu anayemwadhibu mkosaji na kumsahau mtiifu anawafunza wote wawili kwamba utii hauna thamani.

Wataalamu nao wameliona hilo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mji wa San Marcos, California, kwa kaya 290 hivi. Kila nyumba ilipelekewa kadi inayoonyesha umeme ilioutumia na wastani wa umeme uliotumiwa na majirani. Nyumba zilizokuwa juu ya wastani zilipunguza, kama ilivyotarajiwa. Lakini zile zilizokuwa chini ya wastani ziliongeza. Zilipojua kwamba zimewapita wenzao kwa wema, zilirudi nyuma kuwafuata. Katika nyumba nyingine watafiti waliongeza jambo dogo sana: penye matumizi ya chini walichora uso unaotabasamu, na penye matumizi ya juu uso ulionuna. Wale waliopata tabasamu hawakurudi nyuma. Tabasamu moja la wino liliwatosha kubaki walipokuwa.

Basi kwa Jumamosi ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, tuliandika tangazo jipya: "Jumamosi iliyopita meza 11 kati ya 16 ziliachwa safi na waliozikalia. Jazakumullahu khayran. Mapipa yako kando ya mlango wa jikoni." Hatukuongeza neno.

KUAMUA PAMOJA

Hatukuishia kwenye tangazo. Mwanachuoni mmoja aitwaye Kurt Lewin, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, alipewa kazi na serikali ya Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Nyama nzuri zilikuwa zikipelekwa jeshini, na serikali ilitaka akina mama wapike moyo wa ng'ombe, figo na nyama nyingine za ndani. Kwetu sisi tuliokulia penye mchuzi wa maini hilo lisingehitaji mtaalamu. Lakini akina mama wa huko wakati huo walizionea kinyaa. Lewin aliwagawa katika vikundi. Baadhi ya vikundi vilisikiliza mhadhara mzuri wenye hoja za afya na uzalendo. Vingine viliketi vikazungumza wenyewe kuhusu matatizo ya nyama hizo, harufu yake na manung'uniko ya waume, na mwishoni kila aliyekuwa tayari kujaribu akainua mkono mbele ya wenzake. Baadaye walipofuatiliwa, waliopika katika vikundi vya mhadhara walikuwa asilimia 3. Waliopika katika vikundi vya mazungumzo walikuwa asilimia 32.

Sisi walimu hatuipendi habari hii, maana inapunguza bei ya mihadhara yetu. Hata hivyo tuliifuata. Kabla ya Magharibi ya Jumamosi ya nne, wakati watu wakisubiri adhana, hatukuhutubia. Tuliuliza tu: "Ndugu zetu, tufanyeje ili chakula kisitupwe?" Bibi mmoja akasema tatizo ni upakuaji, wapakuaji hujaza sahani kwa ukarimu, na mgeni huona haya kukataa. Kijana akasema mapipa yako mbali, nyuma ya jukwaa. Baba mmoja akasema watoto hupewa chupa nzima ya maji wakati wanakunywa kikombe tu. Ikaamuliwa papo hapo kwamba sahani ipakuliwe nusu na mwenye njaa arudi mara ya pili bila ya haya, mapipa yasogezwe, na watoto wapewe vikombe. Tukawaomba wanaokubali wainue mikono. Mikono ikainuka, mikubwa na midogo.

Usiku ule mifuko ilikuwa miwili, na meza zilizoachwa safi zilikuwa 14. Hatutadai kwamba tangazo ndilo lililofanya kazi, wala mazungumzo, wala kusogeza mapipa. Tulibadilisha mambo yote kwa pamoja, na mwenye elimu ya majaribio angetucheka. Hata hivyo mtunza ukumbi alipokuja jikoni hakutuita. Alifunga mifuko miwili akatuaga.

PASIPO NA PIPA, NASIHA HUCHOKA

Twataka msomaji aliangalie vizuri hilo la mapipa. Saikolojia haimaanishi kuongea na moyo wa mtu peke yake. Nusu ya kazi ni kuitengeneza njia ili wema uwe mwepesi na uovu uwe mzito kidogo. Hapa Uingereza wengi wetu tumeona kwa macho yetu. Tangu tarehe 5 Oktoba 2015 maduka makubwa ya England yalianza kutoza peni 5 kwa kila mfuko wa plastiki, na kutoka Mei 2021 ikawa peni 10. Peni 5 haimfilisi mtu. Lakini ilimlazimisha kila mmoja wetu kusimama mbele ya muuzaji na kujibu swali ambalo zamani halikuulizwa: wautaka mfuko au huutaki? Katika maduka hayo mifuko iliyouzwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Nyumbani serikali zilichukua njia ya kukataza moja kwa moja, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Na mabibi zetu, waliokwenda sokoni na kikapu cha ukili mkononi, walikuwa wamekwisha fika huko kabla ya wote.

Lakini sheria nayo ina mpaka wake, kwani askari hawezi kukaa kila mahali. Mfano ulio karibu na mioyo ya wasomaji wetu wengi ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akaomba msala wa kusalia, akaambiwa haupo. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi kitakuwa msala. Maji ya kisiwa hicho yana matumbawe na samaki wa kila aina, na wavuvi wengi wa Pemba huyategemea kwa riziki yao. Mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Uvuvi wa baruti na nyavu haribifu, hata hivyo, haukuisha kwa tangazo. Ndipo waalimu wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, mji ambao baadhi yetu twaujua vizuri, waliposhirikiana na masheikh wa Zanzibar na shirika la CARE kuwafundisha wavuvi uhifadhi kwa lugha ya ukhalifa, amana na mizani. Wavuvi hawakuambiwa kwamba wao ni waharibifu. Walikumbushwa kwamba wao ni Waislamu, na kwamba bahari ni amana. Baadhi yao walinukuliwa wakisema kwamba sheria ya serikali ni rahisi kuikiuka, lakini ya Mwenyezi Mungu ni vigumu.

Tofauti ya maneno hayo mawili, "wewe ni mharibifu" na "wewe ni mwenye amana", ndiyo inayotufikisha kwenye jambo tulilotaka kulisema tangu mwanzo.

WATOTO WANASIKIA

Mwaka 1975 Richard Miller na wenzake wawili walichapisha majaribio waliyoyafanya katika shule ya Chicago, kwa watoto wa darasa la tano. Darasa moja liliambiwa kwa siku kadhaa kwamba watoto wanapaswa kuwa wasafi, pamoja na sababu zote nzuri za usafi. Darasa la pili halikuhubiriwa. Liliambiwa tu, na mwalimu, na mkuu wa shule, na hata msafishaji, kwamba hawa ni watoto wasafi. La tatu halikuambiwa lolote. Kisha watoto wakapewa peremende, na watafiti wakahesabu karatasi zilizotiwa pipani na zilizotupwa chini. Darasa lililohubiriwa lilijirekebisha kidogo, kisha likarudi lilikokuwa. Darasa lililoitwa safi likawa safi, na likabaki safi. Walipojaribu vivyo hivyo kwa somo la hesabu, walioambiwa kwamba wanaweza waliwashinda walioambiwa wajitahidi.

Tulipoisoma habari hiyo tulifunga kitabu tukayakumbuka madarasa yetu. Ni mara ngapi tuliingia darasani tukasema, "Ninyi ni wavivu," tukashangaa kwa nini uvivu hauishi?

Na sasa tujiulize sisi wazazi wa ughaibuni. Katika kila arusi, kila maulidi, kila matanga, husikika sentensi moja: "Watoto wetu wa huku hawasemi Kiswahili." Nyingine hufuata: "Vijana wa siku hizi msikitini hawaji." Husemwa kwa uchungu wa kweli, na husemwa watoto wakiwa wameketi pembeni. Mtoto anasikia habari mbili. Ya kwanza, kwamba kutosema Kiswahili ni vibaya. Ya pili, kwamba watoto kama yeye hawakisemi. Twamwandikia tangazo lile lile tuliloliandika ukumbini, nalo analisoma vizuri kama alivyosoma kijana wa sahani.

Kumbe ukweli ni mchanganyiko zaidi. Wapo watoto wetu wanaompigia bibi simu Ijumaa wakamwamkia shikamoo na kumjibu maswali yake yote kwa Kiswahili kilichovunjika hapa na pale. Wapo wanaotafsiri kwa daktari maneno ya nyanya zao. Wapo waliojitolea kupanga viatu mlangoni bila ya kuombwa. Hao hatuwataji, kama tusivyoziona meza safi. Yafaa tuwataje mbele ya wenzao, kwa kipimo, na kwa jambo walilolitenda kweli. Maana hapa ipo hatari ya upande wa pili: sifa ya uongo mtoto huitambua upesi kuliko mtu mzima, na akishaitambua hatatuamini hata tutakaposema kweli. Hatusemi mtoto asikanywe. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Twasema akanywe kwa kosa lake mwenyewe, faraghani, asihukumiwe kwa jina la kizazi chake hadharani.

SWALI LA NIA

Ndugu mmoja tuliyemsimulia haya alitupinga kwa hoja nzuri. Alisema, "Mwalimu, huku si kuwachezea watu akili? Na anayetupa sahani pipani kwa kuwa wenziwe wanatupa, si riya hiyo?"

Tulimjibu kwa kadiri ya ufahamu wetu, na penye elimu zaidi ya yetu twawaachia masheikh. Kuhusu hila, twaona mpaka ni ukweli. Lau tungeandika meza 11 na hali zilikuwa tatu, tungekuwa tumedanganya, na uongo hauwi halali kwa kuwa unasafisha ukumbi. Lakini kuchagua ukweli unaowatia watu moyo, na kuuacha ule unaowavunja, hiyo ni adabu ya nasiha. Na jambo ambalo ungeona haya watu wakijua umelifanya, usilifanye. Sisi twawaeleza ninyi nyote hapa tulilolifanya. Kuhusu riya, mwenye riya hutenda ili aonekane. Anayevutwa na mfano wa wenziwe hata hajui kwamba anavutwa. Mfano mwema humfikisha mtu mlangoni tu. Nia anaitia mwenyewe, na malipo yake yako kwa Mola wake.

LA KUFANYA

Wasomaji wetu, hatupendi kumaliza baraza kwa maneno matupu. Mwezi ujao tutaanza kwenye mabomba ya udhu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi kinachojaa viganja viwili vya mtu wa kadiri. Sisi hufungua bomba kabla ya kukunja mikono ya kanzu na kulifunga baada ya kumaliza salamu na mwenzetu. Lakini hatutabandika tangazo la kusema wengi wanaisirafu neema. Tumewaomba vijana watatu wa darasa kubwa wakae pembeni Jumamosi mbili, wahesabu ni wangapi wanaolifunga bomba wakati wa kupaka maji kichwani. Tukishaijua kweli, tutaketi tuzungumze kabla ya kuandika.

Nanyi majumbani, twawaomba jambo moja dogo kwa mwezi huu mmoja. Kila mnapotaka kusema "watoto wetu wote", au "watu wetu siku zote", simameni kidogo mhesabu. Huenda mkakuta meza 11 kati ya 16 ni safi. Na hata mkikuta ni tatu tu, anzeni na hizo tatu: washukuruni wenyewe kwa majina, kisha waulizeni waliobaki wana shida gani, kwani huenda pipa liko nyuma ya jukwaa.

Wenye ukumbi wametukubalia mwaka mwingine. Lile tangazo la kwanza tumelihifadhi ndani ya faili letu la masomo, nasi tumelisahihisha kwa wino mwekundu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutengenezee mioyo na majumba yetu, awafanye watoto wetu kuwa bora kuliko tulivyokuwa. Amin.